Kalamu ya Mbao Ikigoma Kufungika: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Makosa ya Kufunga

Umekereza vizuri, mbao imeng'aa, halafu dakika ya mwisho kabisa unabana vile vyuma kwenye jiliwa (kile kifaa cha kubania chenye meno mawili) unasikia "tak". Au haikupasuka, ila ncha ya wino inachungulia nje hata ukiirudisha ndani, na mtu uliyempa zawadi ameshapata doa la bluu kwenye mfuko wa shati. Picha za namna hii natumiwa WhatsApp karibu kila wiki, na makosa ni yaleyale manne matano, na wengi wakishaona tatizo wanafanya kitu kilekile kinachoimaliza kalamu kabisa: wanaongeza nguvu.

Vyuma vya kalamu hizi vimeshikana kwa kubanana tu. Kwa hiyo kilichoingia kwa kusukumwa kinatoka kwa kusukumwa, ilimradi unasukuma chuma kwa chuma na mbao unaiacha pembeni. Kalamu nyingi mnazozitupa zinapona, tena bila kununua kitu kipya.

Hapa naongelea ile kalamu nyembamba ya kuzungusha, ya mirija ya milimita 7, kwenye pakiti inaandikwa Slimline, ndiyo karibu kila mtu anaanzia nayo. Aina nyingine zina vipande tofauti lakini namna ya kufikiri ni ileile.

## Tuelewane majina kwanza

Kalamu ina nusu mbili. Nusu ya chini ndiyo ya kuandikia, na nusu ya juu ndiyo yenye klipu. Kila nusu ni mbao iliyogundishwa juu ya mrija wa shaba ya njano.

Nusu ya chini inabanwa vitu viwili: ncha, ile koni ya chuma ya mbele, na kwa nyuma kizungushio, yaani kile kishafti ambacho upande mmoja ni wa njano na upande mwingine unang'aa kama fedha. Upande wa njano ndio unaoingia kwenye mrija, ule wa fedha unabaki nje ili nusu ya juu ije iuvae. Katikati kuna pete. Nusu ya juu inabanwa klipu na kofia yake, basi.

Rifili, ule mrija wa wino, inaingilia nyuma ya kizungushio, inapita katikati yake mpaka mbele, halafu unaikaza kwa kuizungusha kama skrubu. Likumbuke hilo, tutalitumia kwenye kutenganisha.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa kalamu

- Jiliwa lenye meno yaliyonyooka, na vipande viwili vya mbao laini vya kuweka kwenye meno yake
- Nyundo ndogo, ile nyepesi kabisa
- Chuma chembamba kilichonyooka, chenye kichwa bapa, kinachopita humohumo inamopita rifili lakini kisiwe chembamba kiasi cha kutokea kwenye tundu la ncha (shingo ya biti ya drili, upande usio na meno, inafanya kazi hii vizuri sana)
- Chuma cha pili kinene zaidi, kinachoingia kwenye mrija wa shaba kwa uhuru bila kubana, kwa kawaida kama milimita 6
- Tupa ndogo ya mviringo, msasa namba 240, 400 na 600
- Venia ya kupimia, hata ile ya plastiki ya bei nafuu
- Supa gluu nyepesi na nzito, na gundi ya kuchanganya pande mbili
- Njiti za kuchokolea meno, tishu, tepu ya karatasi ya mafundi rangi
- Pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, kama kuna kipande kimeshikwa na gundi
- Miwani ya kukinga macho na barakoa

Usivae gluvzi kwenye mashine inayozunguka, na usifute supa gluu kwa kitambaa cha pamba. Supa gluu ikikutana na pamba inapata moto ghafla, inatoa moshi na inaweza kukuunguza vidole. Tumia tishu.

Vumbi la mpingo pia msilichukulie poa, linawasha macho na kifua, na wengine ngozi inawatoka vipele.

## Hatua ya 1: Simama, soma kosa

Kabla ya kubana tena hata kidogo, toa kalamu kwenye jiliwa, ipeleke kwenye mwanga wa dirisha, uitazame. Jiulize imegoma wapi.

Ncha ya wino inatoka hata ikiwa imefungwa: kizungushio kimezama mno. Ncha ya wino haitoki ya kutosha kuandika: kizungushio hakijafika, na hili ndilo kosa jepesi kuliko yote. Kuna mwanga unapita kati ya mbao na chuma: kichwa cha mbao hakijakatwa sawa, au kuna gundi imebaki ukingoni. Chuma kiliingia kikagoma njiani: kuna gundi ndani ya mrija, karibu kila mara. Chuma kinaanguka chenyewe: mrija umetanuka au umeukwangua sana. Ufa: nenda Hatua ya 9 kwanza, kwa sababu ufa ukiendelea kuusumbua unakimbia mbao nzima.

Andika pembeni ulichokiona. Wengi wanarekebisha kisichoharibika, kisha wanakiharibu.

## Hatua ya 2: Tenganisha bila kuumiza mbao

Anza na nusu ya juu. Ishike kwa mkono mmoja, nusu ya chini kwa mkono mwingine, zungusha taratibu huku unavuta. Hii inatoka kwa mkono, imeshikwa na msuguano tu. Mikono ikiteleza, funga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kila upande, shika tena. Plaizi iache mezani.

Toa pete, legeza rifili uitoe. Sasa una nusu ya chini yenye ncha mbele na kizungushio nyuma.

Ingiza kile chuma chembamba kwenye tundu la nyuma la kizungushio, kipite mpaka kiguse ncha kwa ndani. Utasikia kimegusa chuma. Shika kalamu ngumi, ncha ikitazama chini, chini yake tandika taulo. Gonga chuma kwa nyundo ndogo, pigo fupifupi, kama unagonga yai la kuchemsha. Pigo la tatu la nne ncha inadondoka kwenye taulo.

Ncha ikishatoka, geuza. Ingiza kile chuma kinene upande wa mbele ulikotoa ncha, kikae kwenye kitako cha njano cha kizungushio, gonga vilevile. Kizungushio kinatokea nyuma.

Watu wanauliza kwa nini nisivute kizungushio kwa plaizi kutoka nyuma, si kinaonekana kabisa? Kwa sababu upande wa fedha ndio unaozunguka, ndani yake ndimo ilimo njia inayotembeza rifili. Ukiuvuta unaweza kukitoa kizungushio nusu, nusu ya njano ikabaki ndani ya mrija, hapo umeharibu kifaa na umejiongezea kazi.

Kofia ya klipu nayo unaitoa kwa kuingiza chuma kinene upande wa katikati wa nusu ya juu, unagonga kutoka ndani.

Kipande kikigoma kutoka maana yake mtu aliweka gundi. Gusisha pasi ya kulehemu kwenye chuma chenyewe kwa sekunde chache, gonga, kikigoma rudia. Supa gluu inalegea kwa joto. Lakini joto linatembea, ukizidisha mng'aro wa mbao karibu na ukingo unavimba mapovu, kwa hiyo gusa kwa awamu na mbao uwe unaipima kwa kidole. Asetoni inayeyusha gundi kweli, ila inakula na mng'aro wa supa gluu na plastiki iliyoko ndani ya kizungushio, usiisogeze karibu na kalamu iliyokwisha kung'arishwa.

Umefanikiwa ukiwa na vipande vyote mezani, mbao haina alama mpya, na kizungushio bado kinazunguka laini.

## Hatua ya 3: Safisha ndani ya mrija

Hapa ndipo penye mzizi wa matatizo mengi, nawaomba msipapite haraka.

Ulipogundisha mrija kwenye mbao, gundi kidogo iliingia ndani ya mrija. Ikakauka. Huioni, ni kama ukungu tu wa manjano kwenye shaba, lakini vyuma vya kalamu vimetengenezwa kubana bila nafasi ya ziada, kwa hiyo hata gundi nyembamba kama ganda la kitunguu inatosha kusukuma mrija utanuke, mrija ukitanuka mbao iliyouzunguka inapasuka. Halafu fundi anasema mpingo ni mbao mbaya!

Elekeza mrija kwenye mwanga, chungulia kama unavyochungulia mtutu wa bunduki. Shaba inatakiwa iwe inang'aa duara zima. Palipofifia pana gundi.

Kwangua kwa tupa ya mviringo ukizungusha huku unaivuta kuelekea kwako, au kunja msasa namba 240 kwenye kijiti uzungushe ndani. Kwangua gundi, usikwangue shaba. Kila baada ya mizunguko michache puliza vumbi utazame tena. Ukiendelea mpaka shaba yenyewe ikaanza kuliwa, umehamia kwenye tatizo la vyuma kulegea.

Kwa kalamu zijazo, ziba vichwa vya mrija kabla ya kugundisha. Kata kipande cha kiazi mviringo unene wa kidole, gandamiza mrija juu yake kama unakata biskuti, kinabaki kizibo cha kiazi ndani ya mrija. Gundi haiingii. Ikishakauka unasukuma kizibo nje kwa chuma. Sabuni ya kipande pia inafaa, ila kiazi kinatoka kisafi zaidi. Kitu cha shilingi chache tu, na kinaokoa kalamu kuliko kifaa chochote cha ghali ninachokijua.

Mrija uko tayari pale ambapo ncha, ukiichomeka kwa vidole tu, inaanza kuingia kidogo kisha inashika. Isipoanza kabisa bado pana gundi, na ikiingia yote kwa vidole basi mrija umelegea.

## Hatua ya 4: Vichwa vya mbao viwe sawa

Weka nusu ya kalamu wima juu ya kioo au kigae, bila vyuma. Ikisimama bila kuyumba ni sawa. Ikiinama au ukiona mwanga chini upande mmoja, ndiyo maana pete ina pengo.

Wengi wanachukua msasa wanasugua kwa mkono hewani. Usifanye hivyo, mkono hauwezi kushika nyuzi 90, utazidi kupindisha.

Tengeneza kifaa hiki mwenyewe, ni robo saa. Chukua kipande cha mbao ngumu, toboa tundu kwa drili ya kusimama ili liwe wima kweli. Chomeka kijiti cha chuma kinachoingia kwenye mrija bila kucheza, ukigundishe. Toboa msasa namba 400 katikati, uvike kwenye kijiti mpaka ulale kwenye mbao. Sasa vika nusu ya kalamu kwenye kijiti, ishushe mpaka iguse msasa, zungusha kwa vidole mara tano, itoe, tazama. Kijiti ndicho kinachokunyooshea.

Acha mara tu unapoona duara la shaba linang'aa pande zote. Mzunguko mmoja zaidi ya hapo unafupisha mrija, na mrija mfupi unabadilisha mahali pa kizungushio kwenye Hatua ya 6. Mnaotumia ile biti ya kusawazishia vichwa ndio mnapitiliza zaidi kwa sababu inakata haraka. Ikiwa butu ni hatari kubwa zaidi, inang'oa ukingo wa mbao badala ya kuukata, kwa hiyo inoe kila baada ya kalamu tatu nne.

Kama ulipaka supa gluu ya kung'arisha, angalia ukingo: mara nyingi kuna kijinundu cha gundi pale mbao ilipokuwa imegusana na bushi, vile vipete vya chuma vinavyokaa pande mbili za mbao kwenye mashine kukuonyesha kipimo cha kukereza. Hicho nacho kinaweka pengo. Kifaa hichohicho kinakiondoa.

## Hatua ya 5: Rudisha ncha

Nusu ya chini ina vichwa viwili na ukishatenganisha ni rahisi kusahau upi ni upi, kwa hiyo kabla ya yote panga nusu zote mbili mezani jinsi mistari ya mbao inavyofuatana, weka alama ya penseli kwenye tepu. Mtu akikosea hapa anakuja kugundua kalamu imeshafungwa, mistari ya mninga imekatika katikati kama picha iliyochanwa ikabandikwa kombo.

Weka ncha kwenye kichwa cha mbele. Weka kwenye jiliwa katikati ya vile vipande viwili vya mbao laini. Kaza mpaka viguse tu, halafu simama. Itazame kutoka juu, kisha inama uitazame kutoka ubavuni. Iwe imenyooka pande zote mbili. Ikiwa imepinda hata kidogo, legeza upange upya, kwa sababu chuma kikianza kombo kinasukuma ukuta wa mrija upande mmoja na mbao inapasuka hapohapo.

Kama una mashine ya kukerezea, tumia kichwa chake cha nyuma kile kinachosukuma kwa kuzungusha gurudumu, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomoa. Inasukuma kwenye mstari ulionyooka kuliko jiliwa lolote, mimi siku hizi natumia hiyo tu.

Kaza robo mzunguko, pumzika, robo mzunguko. Ukisikia mkono umekuwa mzito ghafla kabla ncha haijafika, rudi Hatua ya 3. Usishindane nayo.

Umefanikiwa ncha ikilala kwenye mbao bila mwanga kupita, na kidole kikipita hakikwami.

## Hatua ya 6: Kizungushio, mahali penyewe

Kama utasoma sehemu moja mara mbili, isome hii.

Kizungushio kina alama, mfereji mwembamba, na maelezo ya kwenye pakiti yanakwambia bana mpaka kwenye alama. Alama hiyo ni sahihi kwa mrija wa urefu uliotoka nao kiwandani. Wewe umeshasawazisha vichwa, labda mara mbili, mrija wako umekuwa mfupi. Ukibana mpaka kwenye alama, rifili inatokeza mbele zaidi kwa kiasi kilekile ulichokata. Hapo ndipo ncha ya wino inapochungulia nje hata kalamu ikiwa imefungwa, na mtu anabaki analaumu seti ya vyuma aliyonunua. Alama ikuonye tu kwamba umekaribia, ila wa kumsikiliza ni rifili.

Fanya hivi.

Ingiza upande wa njano kwenye kichwa cha nyuma cha nusu ya chini, nyoosha kama ulivyofanya kwa ncha, bana mpaka ibaki kama milimita 4 au 5 kufika kwenye alama. Toa kwenye jiliwa.

Ingiza rifili kutoka nyuma, ikaze. Zungusha upande wa fedha mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha mpaka mwisho wa upande mwingine, uangalie mbele. Kwa sasa ncha ya wino itakuwa haitoki au inatoka kidogo sana. Ndivyo inavyotakiwa.

Toa rifili. Bana tena kidogo, nusu milimita, yaani mpini wa jiliwa unausogeza tu. Rudisha rifili, pima. Toa, bana, pima. Ndiyo, inachosha. Mara ya tano ya sita utaona ncha ya wino imetoka kiasi kilekile cha kalamu ya kawaida ya dukani, iweke pembeni ulinganishe. Ukiirudisha ndani inapotea yote. Hapo umefika, hata kama alama bado iko nje kabisa.

Usibane rifili ikiwa ndani. Ikigota mbele wakati unasukuma, inaweza kupinda au kuharibu ule uzi wa kukazia.

Ulishapitiliza? Rudi Hatua ya 2, toa ncha, sukuma kizungushio kitoke chote, uanze upya. Watu wanajaribu kukirudisha nyuma milimita moja tu kwa kugonga kidogo, inawezekana kama mkono wako ni mtulivu, ila mara nyingi kinatoka zaidi ya unavyotaka, kwa hiyo kitoe tu chote ukibane upya kwa vipimo. Baada ya kuingia na kutoka mara mbili kitakuwa kimelegea kidogo, dawa iko Hatua ya 10.

Kinazunguka kigumu baada ya kubanwa? Ama mrija una gundi unakiminya, ama gundi imeingia ndani yake. Cha kwanza kinatibika, kitoe usafishe mrija. Gundi ikishaingia ndani ya kizungushio, badilisha tu.

## Hatua ya 7: Klipu na nusu ya juu

Pitisha kofia kwenye pete ya klipu, bana kwenye kichwa cha juu. Klipu ina chuma kilichoinuka, ukiibana kwenye jiliwa bapa itakunjika au itakwaruza mbao, kwa hiyo chonga mfereji kwenye kile kipande cha mbao laini klipu ipate pa kukaa.

Kabla ya kubana mara ya mwisho geuza klipu ikae upande wa mbao unaopenda uonekane, kwa sababu kalamu ikiwa mfukoni huo ndio uso wake.

Vika pete, vika nusu ya juu kwenye upande wa fedha. Iingie kwa mkono, ikibana kiasi. Ikigoma, chungulia mrija wa juu, kuna gundi.

## Hatua ya 8: Ngazi kati ya mbao na chuma

Pitisha ukucha kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mbao. Ukikwama ukitoka chuma kwenda mbao, mbao ni nene. Ukikwama ukitoka mbao kwenda chuma, mbao imeliwa.

Hili linatokea kwa sababu mnaziamini bushi mno. Bushi zinaliwa na msasa kila siku, baada ya kalamu nyingi zinakuwa nyembamba kuliko chuma halisi. Pima chuma chenyewe kwa venia, ncha, pete na klipu kila kimoja, andika namba, halafu pima mbao.

Mbao nene: rudisha kwenye mashine, msasa 400 kisha 600, pima kila mara, ng'arisha upya. Mbao iliyoliwa kidogo: jenga kwa supa gluu nyepesi, matone machache kwa tishu huku mashine inazunguka polepole, acha ikauke, rudia hadi ipite kidogo kipimo, kisha shusha kwa msasa. Fungua madirisha, moshi wake unachoma macho. Ikiwa imeliwa mpaka shaba inaonekana, hiyo mbao imekwisha, okoa vyuma.

## Hatua ya 9: Ufa

Ufa mwembamba kama unywele unatibika. Toa kwanza chuma kinachousukuma, ukikiacha utakuwa unaziba kidonda na mwiba umo. Zungushia tepu kwa nguvu ufa ufumbe, ukiacha nafasi ndogo wazi. Sugua mbao ileile kwenye msasa upate vumbi, lipake kwenye ufa, tone moja la supa gluu nyepesi, itajivuta yenyewe mpaka ndani. Acha masaa kadhaa, shusha kwa msasa, ng'arisha. Kwenye mpingo huwezi kuuona tena. Kwenye mninga utaona kamstari kwa sababu gundi inatia weusi.

Ufa wa kutoka kichwa hadi kichwa usiupotezee muda.

Na kuna ufa usiotokana na kubana. Niliwahi kumtengenezea baba mdogo kalamu ya mpingo, nikiwa Tanga, wakati wa masika, ilifunga vizuri kabisa bila hata pengo la unywele. Akaenda nayo Muscat, ofisini kwao kiyoyozi kinawaka kutwa. Hazikupita wiki nyingi akanitumia picha, ufa umenyooka kama umepigwa rula. Mbao ilikuwa bado na unyevu wa pwani, ikakauka kule ikasinyaa, shaba iliyoko ndani haisinyai, mbao ikakosa pa kwenda. Iliniuma, kwa sababu ile mbao nilikuwa nimeichagua mwenyewe kwenye mabaki ya wachongaji.

Tangu hapo natoboa kwanza, siweki mrija, naacha vipande vikae ndani kwenye kivuli vikiwa na matundu yao, na kila wiki navipima kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo ndipo nagundisha. Na mpingo ukiutoboa, toa biti nje kila baada ya sentimita moja uipumzishe, joto la biti pekee linatosha kuupasua kwa ndani, na ufa huo hujitokeza siku ya kufunga.

## Hatua ya 10: Vyuma vilivyolegea

Kwa ncha na kofia ya klipu, paka gundi ya kuchanganya, kiasi cha kichwa cha kiberiti, kwa njiti, ndani ya mrija na si kwenye chuma. Ingiza, futa, acha usiku. Ncha iwe inatazama juu wakati inakauka ili gundi isikimbilie kwenye tundu lake.

Kwa kizungushio kuwa mwangalifu zaidi. Paka supa gluu nzito, alama ndogo mbili tu, kwenye ngozi ya nje ya sehemu ya njano, kati ya kitako chake na alama, kamwe usipake karibu na upande wa fedha. Supa gluu nyepesi usiitumie hapa hata kidogo, inatambaa yenyewe na itaingia kwenye sehemu inayozunguka. Na hakikisha umeshapata kina sahihi kwa rifili kabla ya kupaka, maana baada ya hapo kutoa ni kwa moto.

## Jaribio kabla hujaitoa mkononi

Zungusha mara ishirini, ncha ya wino itoke na irudi bila kukwama. Andika ukurasa mzima ukikandamiza kama mtu anayejaza fomu za nakala tatu, kisha angalia kama ncha ya wino imerudi nyuma. Ikirudi, kizungushio hakijashika. Vaa klipu kwenye mfuko wa shati, vua, vaa tena.

Halafu ifunge, isimamishe kwenye glasi juu ya tishu nyeupe, ncha chini, uiache usiku kucha. Asubuhi inua uangalie tishu. Ikiwa na nukta ya wino, kizungushio bado kimezama, irudishe Hatua ya 6. Ikiwa nyeupe, ifungashe.